LAMI ISIMSAHAU AENDAYE KWA MIGUU

Tazama barabara yoyote ya Gwassi asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda juu ya milima. Motokaa zipitazo ni chache, hata mtoto mdogo aweza kuzihesabu. Lakini waendao kwa miguu na kwa baisikeli hawahesabiki upesi. Wapo watoto wa shule, wawili wawili na watatu watatu, wakitembea ukingoni. Wapo wanawake wenye karai za omena kichwani, watokao pwani ya ziwa kwenda sokoni. Yupo mkulima aliyefunga gunia la mahindi nyuma ya baisikeli, naye aisukuma kwa mikono miwili kwa sababu mlima umemshinda kuupanda. Yupo karani aendaye ofisini, suruali ameikunja ili mnyororo usiitie grisi.

Ndivyo yalivyo mambo ya Kisegi, na ndivyo yalivyo ya Magunga, Nyandiwa na Sindo, hata Karungu na Sori upande wa Migori. Kwa hesabu ya watu, hao ndio wenye barabara. Walakini barabara inapotengenezwa, wao ndio wafikiriwao mwisho, na mara nyingine hawafikiriwi kabisa.

Neno tunalotaka kulisema juma hili ni moja. Njia ya waendao kwa miguu na kwa baisikeli si pambo la miji mikubwa, wala si zawadi ya kungojwa mpaka fedha zizidi. Ni sehemu ya barabara yenyewe, kama vile mtaro na daraja zilivyo sehemu ya barabara. Nayo yapasa itengwe kabla lami haijamwagwa, na kabla maduka hayajasogea mpaka ukingoni.

Hesabu ya vifo

Kwanza na tuitazame hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani ya Kenya hutoa kila mwaka idadi ya watu waliokufa katika ajali za barabarani. Mwaka 2021 walikufa watu 4,579. Mwaka 2022 walikufa 4,690. Mwaka 2023 walikufa 4,324, na mwaka 2024 wakafa 4,748. Katika kila mwaka wa miaka hiyo, kundi lililopoteza watu wengi kuliko makundi yote lilikuwa la waendao kwa miguu. Wao peke yao walizidi theluthi moja ya wote waliokufa. Hawakuwa na gari, wala hawakuwa wakishindana na mtu; walikuwa wakienda kazini, sokoni, shuleni au nyumbani kwao.

Wako watu wadhanio ya kwamba ajali ni mambo ya mijini tu, na ya kwamba barabara ya lami ikifika itaziondoa shida zote. Yafaa tufahamu lami inavyofanya kazi. Katika barabara ya murram dereva huzuiwa na mashimo, na vumbi, na matope ya masika. Hapendi kwenda pole, lakini hana budi. Lami inapowekwa, mashimo huondoka, na pamoja nayo huondoka kile kilichokuwa kikimzuia. Gari lililokuwa likipita kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa sasa lapita kwa kilometa 80, na mtoto wa shule yu pale pale ukingoni alipokuwa tangu zamani.

Shirika la Afya la Dunia limeeleza ya kwamba mtu agongwaye na gari liendalo kilometa 65 kwa saa yumo katika hatari ya kufa zaidi ya mara 4 kuliko agongwaye na gari liendalo kilometa 50 kwa saa. Ndiyo maana sheria ya Kenya humkataza dereva kuzidi kilometa 50 kwa saa apitapo mjini au katika kituo cha biashara. Lakini kibao cha sheria hakiwezi kumshika dereva mkono. Kinachomshika ni umbo la barabara: tuta mbele ya shule, kivuko kilichoinuliwa, na ukingo wa saruji unaotenga njia ya magari na njia ya watu.

Mambo yaliyopata Kisumu

Mji wa Kisumu ni mwalimu mzuri kwetu, maana tu jirani naye na twaenda huko kila siku kwa shughuli zetu. Reli ilifika pale ziwani mwaka 1901, na mji ukakua kuizunguka bandari na stesheni. Kwa miaka mingi watu wa kawaida wa mji ule walitembea au walipanda baisikeli. Katika Kijaluo baisikeli huitwa ndiga, nayo ndiga imelisha nyumba nyingi. Kazi ya kubeba abiria kwa baisikeli, tuiitayo boda boda, ilianza huko Busia mpakani katika miaka ya 1960, watu walipokuwa wakibebwa kutoka upande wa Kenya mpaka upande wa Uganda. Kazi hiyo ikaenea katika miji ya Nyanza, na Kisumu ikawa na wenye boda boda wengi sana. Tangu mwaka 2008, Serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo, pikipiki zikaanza kuingia kwa wingi na kushika mahali pa ndiga.

Watu wakaongezeka, na motokaa na pikipiki zikaongezeka pia, lakini mitaa ilibaki ile ile. Ukingo wa barabara uligeuka kuwa mahali pa kuegesha magari, na mahali pa wachuuzi, na mahali pa pikipiki kungojea abiria. Aendaye kwa miguu akasukumwa akatembee katikati ya magari. Mwisho mji wenyewe uliona ya kuwa haiwezekani kuendelea hivyo. Mwaka 2020 Kaunti ya Kisumu ilipata mpango wa usafiri uliotungwa kwa msaada wa wataalamu, na ndani yake kutembea na baisikeli vikapewa mahali pa mbele. Kisha mitaa mitatu ya katikati ya mji, yaani Jomo Kenyatta, Oginga Odinga na Ang'awa, ikatengenezwa upya. Ikawekewa njia pana za waendao kwa miguu, na njia za baisikeli, na vivuko. Wageni wa mkutano wa Africities, uliofanyika Kisumu mwezi wa Mei mwaka 2022, walitembea juu ya njia hizo.

Kazi hiyo ni njema na yafaa isifiwe. Lakini tuangalie jambo moja lililo ndani yake. Njia hizo zilitiwa mahali ambapo maduka yalikuwa yamekwisha kujengwa, na mabomba na nyaya zilikuwa zimekwisha kufukiwa. Kila hatua ilikuwa ni kuvunja kilichopo ili kujenga kisichokuwapo. Mji mkubwa waweza kustahimili gharama ya namna hiyo. Kituo kidogo cha biashara hakiwezi. Kwa hiyo faida yetu sisi wa Kisegi, na wa miji midogo yote, ni kwamba bado hatujajenga sana. Mahali pa njia bado pako wazi.

Usipoziba ufa

Tena mfano wa karibu zaidi tunao hapo Mbita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilijengwa njia ya mawe na udongo ya kuunganisha Mbita na kisiwa cha Rusinga. Magari yalipita, na watu wakafurahi. Lakini waliojenga waliwafikiria wapitao juu tu, hawakuyafikiria maji yapitayo chini. Maji ya ziwa yakazuiwa, samaki wakakosa mapito, na magugu maji yakakusanyika upande mmoja. Ilikuwa lazima kulifungua lile tuta na kujenga daraja, nalo likamalizika mwaka 2017. Kazi moja ikafanywa mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili vilipita vizazi vya wavuvi.

Barabara isiyo na njia ya waendao kwa miguu ni kama tuta lile. Imemfikiria mmoja tu kati ya wapitaji, na walioachwa hawaachi kupita. Watapita kwa hatari. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wamekwisha kuyaona mambo kama haya.

Nchi nyingine zimefanyaje

Watu wengi husikia ya kwamba Uholanzi ni nchi ya baisikeli, wakadhani ilikuwa hivyo tangu kuumbwa kwake. Sivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waholanzi walinunua motokaa kwa wingi na kuzipanulia barabara. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani katika nchi hiyo ndogo, na kati yao watoto zaidi ya 400. Wazazi wakatoka barabarani wakadai kwamba mauaji ya watoto yakome. Serikali yao na halmashauri za miji yao zikaanza kutenga njia za baisikeli na kupunguza mwendo wa magari mbele ya nyumba za watu. Katika miaka hii ya karibuni vifo vyao vyote vya barabarani kwa mwaka havifiki 800, ingawa watu wameongezeka na motokaa zimeongezeka.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, Dar es Salaam ilipojenga barabara za mabasi ya mwendo wa haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, njia za waendao kwa miguu na za baisikeli zilijengwa pamoja nazo kando ya Barabara ya Morogoro. Sababu yake ni rahisi. Kila abiria wa basi ni mwenda kwa miguu kabla hajapanda na baada ya kushuka. Asipoweza kufika kituoni salama, basi halimfai.

Nairobi nayo yatufundisha jambo. Barabara ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, magari yalianza kukimbia kabla madaraja yote ya juu ya kuwavusha watu hayajatimia, na mengine yalikuwa mbali na mahali watu walipozoea kuvuka. Watu wakavuka chini, na wengi wakapoteza maisha. Mtu hafuati daraja. Daraja ndilo lifuatalo mapito ya mtu. Fundi mwenye akili huangalia kwanza mahali ambapo nyasi zimekanyagwa, ndipo achore kivuko chake.

Njia njema ina vipimo gani

Si lazima mtu awe mhandisi ili ajue kama njia ni njema. Haya ndiyo mambo ya kuangalia.

Njia ya waendao kwa miguu iwe na upana usiopungua meta 2 palipo wazi kabisa, pasipo nguzo ya umeme wala shimo la mtaro katikati. Watu wawili wapite sambamba, na wa tatu mwenye mzigo kichwani aweze kupishana nao. Iinuliwe kidogo juu ya barabara ya magari, lakini isizidi sentimeta 15, maana ikiwa juu mno mzee na mjamzito watashindwa kuipanda. Kila penye kivuko iteremke taratibu, ili kiti cha magurudumu kipite, na mkokoteni pia. Mtaro ufunikwe kwa mabamba ya saruji. Mtaro ulio wazi umevunja miguu mingi gizani.

Njia ya baisikeli, kama ni ya upande mmoja, iwe na upana wa meta 2; kama ni ya pande zote mbili, meta 3. Itengwe na magari kwa ukingo au kwa miti, wala si kwa mstari wa rangi peke yake, kwa kuwa rangi haimzuii mwenye lori. Katika nchi ya jua kali kama yetu, miti ni sehemu ya njia. Mwembe au mti mwingine wenye kivuli humpa mtu nguvu ya kutembea kilometa moja zaidi, na taa mbele ya soko na zahanati humpa mwanamke nafasi ya kurudi nyumbani jioni bila hofu.

Tena wachuuzi na wenye pikipiki wapewe mahali pao. Njia nyingi njema zimeharibika kwa sababu aliyekuwa akiuza nyanya pale alifukuzwa bila kuonyeshwa pa kwenda. Kesho yake amerudi, na kesho kutwa wamerudi wenziwe kumi. Atakayechora njia na achore pia soko na kituo cha boda boda, hapo ndipo kila mtu atakapokaa mahali pake.

Njia za milimani

Si kila njia yahitaji lami. Katika milima ya Gwassi na mabonde yake, watu wengi hufupisha safari kwa vijia vya miguu. Mjini Homa Bay watu hupanda mlima wa Got Asego ili kunyoosha viungo na kutazama ziwa. Vijia hivi huharibiwa na adui yule yule anayeharibu mashamba, yaani maji ya mvua. Kijia kishukacho mlimani moja kwa moja hugeuka mto wakati wa masika, na baada ya miaka michache huwa korongo.

Mkulima ajuaye kuchimba matuta shambani hahitaji kufundishwa dawa yake. Kijia kikate mlima kwa mshazari, kisishuke wima. Kila baada ya hatua kadha uwekwe mfereji mdogo au safu ya mawe ya kuyatoa maji pembeni. Mahali pa mwinuko mkali ziwekwe ngazi za mawe. Katika ule udongo mweusi wa Lambwe, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, kijia kiinuliwe kwa kifusi na mawe. Mawe tunayo, na ufundi tunao tangu kale. Kuta za Thimlich Ohinga kule Migori, zilizotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, zilijengwa kwa mawe matupu bila chokaa, nazo zasimama mpaka leo. Nchi yenye mafundi wa namna ile katika historia yake haikosi mtu wa kupanga ngazi za mawe kutoka kijijini hadi shuleni.

Fedha zitatoka wapi

Wengine watasema, “Sisi hatuna hata zahanati za kutosha, nanyi mwatuletea habari za njia za baisikeli.” Neno hili lina haki ya kujibiwa. Zahanati hujaa watu waliovunjika barabarani, na mgonjwa huifikia kwa njia. Tena barabara inapojengwa, mashine zipo, mawe yapo, na mafundi wapo. Kuongeza njia ya watu wakati huo ni kazi ndogo kuliko kurudi baada ya miaka kumi na kuanza kutia alama nyekundu ya X katika kuta za maduka ya watu. Kila mwenye duka aijua alama hiyo, na ajua machozi yake.

Wengine husema baisikeli ni chombo cha maskini, na maendeleo ni motokaa. Lakini mwenye motokaa naye hutembea akishaiegesha, na watoto wake huvuka barabara kama watoto wa wengine. Kaunti ya Nairobi ilikubali jambo hili katika sera yake ya mwaka 2015, ikaahidi kutenga sehemu 20 katika kila 100 ya fedha za usafiri kwa ajili ya waendao kwa miguu, wenye baisikeli na vyombo vya abiria. Ahadi si njia, na kazi ingali kubwa. Lakini ahadi iliyoandikwa humpa mwananchi kitu cha kudai.

Na kudai kuna wakati wake. Katiba ya mwaka 2010 iliweka barabara za kaunti, na taa zake, na mipango ya miji yake, mikononi mwa serikali za kaunti. Sheria ya fedha ya mwaka 2012 yaagiza kila kaunti ipeleke mpango wa maendeleo wa mwaka katika bunge lake kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya fedha kabla ya tarehe 30 Aprili, na yaagiza wananchi wasikilizwe. Mara nyingi mikutano hiyo huhudhuriwa na wachache, na wachache hao huomba barabara bila kusema ni barabara ya namna gani. Kisha lami huja nyembamba, nasi twalalamika.

Kwa hiyo kabla ya Septemba, wazee wa kila kituo cha biashara, pamoja na mwalimu mmoja au wawili, na wachukue kamba ya kupimia. Wapime upana wa barabara kutoka ukuta hadi ukuta. Wahesabu kwa asubuhi moja, tangu saa kumi na mbili hadi saa mbili, ni watu wangapi wapitao kwa miguu, wangapi kwa baisikeli, wangapi kwa pikipiki, na wangapi kwa motokaa. Waandike mahali watoto wanapovukia. Karatasi hiyo moja, ikitiwa sahihi na kupelekwa kwa mjumbe wa wadi na kusomwa mkutanoni, ina nguvu kuliko malalamiko ya mwaka mzima, maana mhandisi hawezi kuijibu ila kwa hesabu nyingine.

Na kila mwenye kiwanja kando ya barabara aweza kuanza leo bila kungoja mtu. Asijenge kibanda ndani ya hifadhi ya barabara, wala asiseti ua juu ya mapito ya watu. Nafasi aiachayo leo ndiyo watoto wake watakayopita kwenda shule, siku lami itakapofika Kisegi na magari kuanza kukimbia.